Wazee walifuata ngoma, wakakuta Cendrillon

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Lubumbashi, komini ya Kamalondo. Tuliwaalika wazazi waje kutazama na watoto wao video ya Cendrillon, yule msichana wa hadithi ambaye kwa Kiingereza huitwa Cinderella. Kwenye mwaliko niliandika: "Ballet ya néoclassique. Mwana wa mfalme anatafuta mguu." Wazee wawili walifika wakauliza ngoma ziko wapi. Mama mmoja akaniuliza kama huyo msichana alikatwa mguu. Ningeandika namna gani?

JIBU: Mwalimu, wazee hawakukosea hata kidogo. Huku kwetu "ballet" ni kikundi cha ngoma za asili. Waziri akitua uwanja wa ndege wa Luano, ballet ndiyo inayompokea, na vumbi linatimka. Maana hiyo ina historia yake: kikundi cha Mguinea Keita Fodéba kiliitwa Les Ballets Africains, na baada ya uhuru wa Guinea mwaka 1958 kikawa kikundi cha taifa. Nchi nyingine nazo zikaunda ballet zao za taifa. Tena neno lenyewe limetoka Italia, "balletto", yaani dansi ndogo. Hakuna aliyeandika kwamba dansi ndogo lazima iwe na violini.

Kwa hiyo usilifute neno, lipe msaidizi. Andika "baleti ya jukwaani", kwa tahajia yetu, na "ballet" ya mtaani uiache ilivyo.

Hilo la "néoclassique" lina dawa nyumbani. Tunasema ukoloni mamboleo, uliberali mamboleo. Basi sema "baleti ya kiklasiki mamboleo". Najua neno hili limezoea kufuatana na mambo mabaya, lakini mwaka 1923 kule Tanganyika lilikuwa jina la gazeti, Mambo Leo, na halikumdhuru mtu. Hapa linafaa kabisa: mtindo huu, ambao mtunzi wa dansi George Balanchine aliuonyesha Paris mwaka 1928 katika baleti yake Apollo, unashika hatua za zamani na kupunguza mapambo na maigizo marefu.

Sasa tuje kwenye mguu, maana hapo kosa ni lako. Nadhani video yenu ni ile ya mtunzi wa dansi Jean-Christophe Maillot, aliyoitunga Monte-Carlo mwaka 1999 kwa muziki wa Mrusi Prokofiev. Katika hadithi ya Mfaransa Perrault ya mwaka 1697 kinachobaki nyuma ni kiatu cha kioo. Maillot amekiondoa kiatu: Cendrillon anacheza miguu mitupu, imepakwa vumbi la dhahabu, na mwana wa mfalme hawezi kuisahau. Kifaransa kina "pied", sehemu ya chini ya kifundo, na "jambe", sehemu ya juu yake. Kiswahili kina mguu tu, kuanzia pajani hadi kidoleni. Ukisema mtu "anatafuta mguu", msikilizaji anauona umelala peke yake mahali. Yule mama alisoma sawasawa ulichoandika.

Unaweza kukimbilia "wayo", lakini wayo ni pia alama inayobaki mchangani, na kijana atageuka mwindaji. Mimi ningeongeza neno moja dogo: anatafuta *mwenye* mguu. Utafutaji unarudi kwa mtu, na mguu unabaki mwilini.

Kuna mtego mwingine ambao hukuuliza. Ukisimulia kwamba Cendrillon "alicheza na mwana wa mfalme", watoto watacheka, kwa kuwa kucheza ni dansi, ni mpira, na ni mzaha pia. "Alicheza dansi na mwana wa mfalme" inatosha.

Na watoto wakiuliza wale wanaosimama juu ya ncha za vidole wanafanya nini, wape neno zuri linalosahaulika: kuchuchumia. Ndivyo afanyavyo mtoto akitaka sukari iliyowekwa juu ya kabati. Angalia tu usiteleze ukasema kuchuchumaa, kwani huko ni kukaa kwa kukunja magoti, na hakuna baleti itakayokwenda mbali hivyo.

Jina Cendrillon liache. Ndani yake mna majivu, "cendre", lakini ukimwita Bi Majivu hakuna mtoto wa Kamalondo atakayemtambua.

Mwaliko wako basi: "Baleti ya jukwaani, ya kiklasiki mamboleo: Cendrillon. Mwana wa mfalme anamtafuta mwenye miguu ya dhahabu. Video, hakuna ngoma." Maneno mawili ya mwisho yaandike kwa herufi kubwa, kwa heshima ya wale wazee.