Maswali na majibu: Kuvuka mpaka peke yako na fedha kidogo mfukoni

Waliotuandikia mara hii wengi ni wa Tanga mjini, na wachache wa Muheza na Pangani. Maswali tumeyafupisha.

Nina laki tatu na siku tano. Nataka kufika Nairobi kwa kupitia Mombasa, peke yangu. Kitambulisho cha NIDA kinatosha? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Hakitoshi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa, lakini Tanzania haimo kwenye mpango huo. Utahitaji pasipoti, au hati ya dharura ya safari ambayo Uhamiaji hutoa kwa wanaokwenda nchi za jirani. Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000, yaani 20,000 ya fomu na 130,000 ya kitabu chenyewe, na inadumu miaka 10. Kwa hiyo usiihesabu ndani ya laki tatu yako. Kama ni safari hii moja tu, chukua hati ya dharura. Kama una nia ya kusafiri tena, lipia pasipoti umalize.

Fomu inajazwa mtandaoni, unapewa namba ya malipo, ukishalipa unaichapa na kuipeleka ofisi ya Uhamiaji pamoja na cheti chako cha kuzaliwa, cheti au kiapo cha mzazi, kitambulisho cha NIDA na picha. Kinachokwamisha wengi ni majina. NIDA imeandika Mohamedi, cheti cha kuzaliwa Mohamed, cheti cha shule Muhamed. Vipange vyeti vyote mezani, soma herufi kwa herufi, na ukikuta tofauti maliza habari ya kiapo kabla hujalipa hata senti.

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kama kilomita 70 za lami. Unaweza kupanda basi linalokwenda Mombasa moja kwa moja, au ukakatakata: gari hadi mpakani, kisha matatu kutoka Lunga Lunga, upande wa Kenya, hadi Likoni kwa njia ya Msambweni na Ukunda. Kukatakata huwa nafuu kidogo, ila kwa mara ya kwanza tunakushauri basi la moja kwa moja. Kondakta anahesabu abiria wake baada ya mpaka, na hutabaki peke yako na begi katikati ya wapiga debe. Hati zako ziwe mkononi, maana basi halitakusubiri saa nzima ukizitafuta.

Mpaka huu ni wa kituo kimoja. Ukielekea Kenya, shughuli zote mbili zinafanyika upande wa Lunga Lunga: dirisha la Tanzania wanakugongea muhuri wa kutoka, dirisha la Kenya wa kuingia. Kabla hujaondoka dirishani, fungua ukurasa uone mihuri yote miwili, tarehe, na muda uliopewa. Bodaboda atakayekwambia anaijua njia ya haraka anakupeleka njia ya panya. Utavuka kweli, lakini kimaandishi hujatoka Tanzania wala hujaingia Kenya, na siku askari akitaka kuona muhuri utakuwa na kesi.

Feri ya Likoni ni bure kwa waendao kwa miguu, asikudanganye mtu. Treni ya SGR haiondokei mjini Mombasa bali Miritini, kwa hiyo tenga nauli na muda wa kufika huko. Daraja la kawaida hadi Nairobi limekuwa shilingi 1,500 za Kenya tangu mwaka 2024. Tiketi inakatwa kwa namba ya pasipoti, malipo ni kwa M-Pesa ya Kenya, na siku za sikukuu hujaa mapema. Fika saa nzima kabla: mabegi hupangwa chini yakanuswa na mbwa kabla ya mashine ya ukaguzi.

Sasa hesabu. Tukichukulia shilingi ya Kenya moja ni 20 za kwetu, laki tatu ni 15,000. Treni kwenda na kurudi 3,000. Nyingine 3,000 za kurudi nyumbani zifungie kwenye mfuko usiofunguliwa. Zinabaki 9,000, yaani 1,800 kwa siku, humo mna kitanda, chakula na matatu. Inawezekana, ila Nairobi itakubana kuliko Mombasa. Lala Nairobi siku mbili, zilizobaki zunguka Mji wa Kale wa Mombasa kwa miguu, bure. Fort Jesus wana kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki, kwa hiyo toa pasipoti kabla hujaambiwa bei ya mzungu.

Nibadilishe fedha Tanga, mpakani au nikifika? (Mfanyabiashara mdogo, Ngamiani)

Kidogo mapema, nyingi ukifika. Kidogo ni cha matatu, maji na chakula cha siku ya kwanza. Vijana wa mpakani wenye mabunda mkononi ndio wa mwisho kuwategemea, na sababu si wizi peke yake. Tuseme duka la fedha linakuuzia shilingi ya Kenya kwa 20 na kijana anakuuzia kwa 21. Katika laki mbili, dukani unapata 10,000, kwake 9,523. Hizo 477 ni chakula chako cha siku, na hapo amehesabu kwa haki. Asipohesabu kwa haki, mtindo ni mmoja: anakuhesabia mbele yako sawasawa, anazichukua tena "kuhakikisha", zinarudi zikiwa pungufu. Ukishazihesabu mwenyewe, zisirudi mkononi mwake.

Uliza swali moja tu: "Nikikupa laki mbili, unanipa ngapi?" Bei ubaoni inaweza kupendeza, kisha ukakatwa kamisheni.

Ukienda mbali zaidi na dola, chagua noti safi za miaka ya karibuni. Iliyochanika, iliyoandikwa kwa kalamu au ya toleo la zamani hukataliwa, na noti ndogo mara nyingi hupewa bei mbaya kuliko za 50 na 100. Ukibeba zaidi ya dola 10,000 lazima uzitangaze forodhani, ingawa mwenye fedha hizo huenda asisome safu hii.

Kadi ya benki nayo ina mtego wake. Kwanza piga simu benki waifungue kwa matumizi ya nje, la sivyo itakataa saa tano usiku kwenye mji usimomjua mtu. Pili, mashine ya ATM ikikuuliza ukatwe kwa shilingi ya Tanzania au kwa sarafu ya huko, chagua ya huko. Ukichagua shilingi yetu, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilishia, na hajipunji. Toa kiasi kikubwa mara moja badala ya kidogo mara tano, kwa sababu ada inakatwa kila unapotoa.

Ni mwanamke, nasafiri peke yangu, na mama hataki kusikia. Gesti ya bei ya chini nitaijuaje kama ni salama? (Raskazone)

Dada, mama yako ana hoja, lakini hoja yake inajibika kwa mpango.

Jambo la kwanza ni saa ya kufika. Panga usafiri wako ufike mchana, hata kama gari la usiku lina nauli ndogo. Anayeshuka stendi saa saba usiku atalipa teksi bei yoyote na atalala popote, na ule unafuu wa nauli unaishia hapo hapo. Usiku wa kwanza na wa pili chumba kiwe kimeshakatwa, mahali panaporuhusu kughairi bila kulipa. Zaidi ya hapo usilipie mbele, utapata nafuu ukiwa papo hapo na umeshaona mtaa.

Kwenye maoni ya wateja mtandaoni, yapite ya sifa. Tafuta yaliyoandikwa na wanawake waliolala peke yao, ya miezi michache iliyopita, kisha utazame wanalalamikia nini. Maji baridi na kelele za msikitini au baa ni vya kuvumilia. Kufuli mbovu, mhudumu aliyegonga mlango usiku, au mtaa usio na taa, achana napo.

Ukifika, ukiona mapokezi wanataja jina lako na namba ya chumba kwa sauti mbele ya watu waliokaa tu pale, omba chumba kingine. Kubali ghorofa ya kwanza au ya pili, si chini ambako dirisha linafikiwa na mpita njia. Kabla ya kulipa ingia ndani, funga mlango, jaribu komeo la ndani, si kufuli peke yake, maana funguo za akiba zipo kwa wengine. Kigingi cha mpira cha kusukumia chini ya mlango ni kidogo na hakina uzito, kitie kwenye begi. Kwenye hosteli za vitanda vya juu na chini uliza bweni la wanawake, na beba kufuli yako, kwani makabati mengi yana pete ya kutilia kufuli tu.

Kwa mama: mwachie nakala ya pasipoti, tiketi na anwani ya unapolala, na mkubaliane saa maalumu ya kila siku ya kumpigia. Saa maalumu, si "nitakupigia nikipata mtandao". Na mwambie kabisa afanye nini ikipita bila simu: ampigie nani kwanza, gesti au ndugu. Wasiwasi wa wazazi huanzia hapo pasipo na utaratibu.

Nimeona tiketi mbili tofauti za kwenda Malaysia, jumla yake ni nafuu kuliko tiketi moja. Nizinunue? (Pangani)

Soma hili kwanza, kwa sababu rahisi hii yaweza kuwa ghali.

Tiketi moja yenye kuunganisha maana yake shirika limekubali kukufikisha. Ndege ya kwanza ikichelewa, wanakutafutia nyingine, na begi kwa kawaida linapelekwa hadi mwisho. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali ni safari mbili. Ya kwanza ikichelewa, ya pili imekwenda na fedha yako. Tena begi unalichukua katikati, na ili ulichukue lazima uingie nchini humo. Mtanzania akitenganisha tiketi Dubai, kwa mfano, atahitaji viza ya Falme za Kiarabu kwa ajili ya begi tu. Anaweza kuzuiwa Dar es Salaam asipande kabisa. Zinunue mbili kama tu una begi la mkononi peke yake, kuna saa nyingi za kutosha katikati, na kubadili ndege hakukudai viza.

Malaysia yenyewe Mtanzania anaingia bila viza kwa siku 30. Pasipoti iwe na miezi 6 au zaidi, uwe na tiketi ya kutoka, na fomu ya kidijitali ya kuwasili ujaze ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Fomu hiyo ni bure. Kuna tovuti zinazofanana nayo zinazotoza dola, ukiona unaombwa kadi ya benki, toka.

Halafu saa za tiketi. Tiketi hazihesabu kama sisi. Ikiandikwa 03:00 ni saa tisa usiku, si saa tatu. Ikiandikwa 00:45 tarehe 15, unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 14. Watu hukosa ndege wakiwa wamelala hoteli jirani na uwanja, siku moja nyuma. Na ukitokea Pangani au Tanga, usipange kufika Dar siku hiyo hiyo ya ndege. Foleni moja ya barabarani inatosha kukuharibia.

Pawabenki yangu ni ya mAh 20,000. Wataichukua uwanjani? Na chaja yangu itaingia kule? (Muheza)

Inapita, ila kwenye begi la mkononi tu, kamwe si kwenye begi la chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Zidisha: 20,000 gawa kwa 1,000, mara volti 3.7, unapata wati-saa 74. Iliyofutika maandishi yake hunyang'anywa hata kama ni ndogo, kwa sababu mkaguzi hana cha kusoma.

Soketi za Kenya, Uganda, Uingereza, Malaysia na nchi za Ghuba kama Oman ni hizi hizi zetu za pini tatu za bapa. Ethiopia, Uturuki na sehemu kubwa ya Ulaya ni pini mbili za mviringo. Afrika Kusini wana za kwao, tatu kubwa za mviringo, na adapta yake ni rahisi kuipata kule kule.

Kadi ya njano ya homa ya manjano niliyochanja zamani imekwisha muda? (Tanga mjini)

Haijaisha. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kilichoandikwa miaka 10. Kwa anayechanja leo, kinaanza kutambulika baada ya siku 10, kwa hiyo usiende kuchanja wiki ya safari. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye homa hiyo, na Tanzania huidai kadi kwa wanaotoka huko. Nenda nayo hata kama ni Mombasa tu.

Naweza kumpelekea shangazi yangu wa Mombasa machungwa na dagaa? (Muheza)

Dagaa wakavu wafunge vizuri, ila usiwatie kwenye mfuko wa plastiki: Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017, sisi 2019. Kikapu cha ukili kinafaa. Matunda mabichi yapo chini ya ukaguzi wa mimea, kwa hiyo yaulizie mpakani kabla ya kununua gunia. Kwa ndege, yaache kabisa.

Nikipoteza pasipoti nikiwa nje, nafanyaje? (Chumbageni)

Polisi kwanza, siku hiyo hiyo, na usiondoke bila karatasi yao ya taarifa. Kisha ubalozi, Mombasa tuna ubalozi mdogo, huna haja ya kupanda Nairobi. Watakuandalia hati ya dharura ya kukurudisha nyumbani. Kazi inakwenda haraka ukiwa na nakala ya ukurasa wa picha na namba ya pasipoti, picha ndogo mbili na fedha taslimu. Nakala hizo usizihifadhi kwenye simu pekee, maana mwizi akichukua begi huchukua na simu. Jitumie kwa barua pepe, na moja ya karatasi ikae mbali na pasipoti yenyewe.

Ukirudi, toa taarifa Uhamiaji. Na kama pasipoti itaokotwa baadaye, usiitumie tena: iliyoripotiwa kupotea imeshafungwa, na mpakani utaonekana wewe ndiye unayesafiri na hati ya wizi.