Mkenya uliyeko Dodoma, usiende Dar siku ya kura kama hujahamisha kituo

Ndugu wa Bungoma, nimefika pale ulipoandika "mi nilishajiandikisha nyumbani, uchaguzi wa Kenya 2027 napanda tu treni naenda ubalozini Dar kupiga na kitambulisho changu" nikaweka chai chini. Usiende! Treni ya umeme itakufikisha upesi ukaambiwe haupo. Mi nilifanya hivyo hivyo 2022 na mpaka leo mke wangu akikasirika ananiambia nyoosha kidole nikione wino.

Mi wa Vihiga, nauza mitumba ya viatu hapa Dodoma miaka mingi. Januari 2022 tangazo la usajili wa wapiga kura ubalozini Dar lilipotoka nikauliza kwenye grupu letu la WhatsApp, jamaa mmoja mjuaji akanijibu kwa voisi ya dakika nne eti hiyo ni ya wale ambao hawajawahi kujiandikisha kabisa, wewe alama zako za vidole zipo kwenye mfumo, nenda siku yenyewe, kidole kitakutambua popote. Popote! Nikamwamini kwa sababu anaongea kama wakili, kumbe anauza makava ya simu.

Uchaguzi ukaangukia Jumanne tarehe 9 Agosti. Jana yake ni nini? Nanenane, sikukuu ya wakulima. Nishalipia meza kwenye maonyesho Nzuguni, na kilele ndo siku ya kurudisha hela ya wiki nzima, watu wanamiminika hadi unakosa pa kuweka mguu. Nikamwachia meza shemeji yangu, kijana wa Mvumi ambaye anapunguza bei kabla mteja hajaomba, nikapanda basi, Gairo, Moro, Chalinze foleni, Mbezi nafika jioni mgongo umekufa, gesti elfu 30, alfajiri nishanyoosha shati kama naenda harusini. Nikapanga mstari vizuri tu. Karani akatafuta, akatafuta tena, akaniambia kwa upole kaka jina lako liko Vihiga, hapa haliko. Nikamwambia si niweke kidole? Watu nyuma wakaanza kucheka. Yule dada wa watu hakukosea, unapiga pale ulipoandikishwa, basi.

Narudi Dodoma shemeji kauza pea 40 kwa hela ya pea 15, tena anasubiri nimsifu. Ukijumlisha na nauli na gesti ni zaidi ya laki nne, kura sikupiga. Na yule mjuaji jioni ile katupia picha ya kidole chenye wino! Kumbe yeye alijiandikisha hapo hapo Dar 2017, kwake kweli ilikuwa ya kwenda tu. Hakusema uongo, alinipa njia ya kwake nikaenda nayo kwangu. Bado sijamsamehe.

Kwa hiyo HAMISHA. Sheria inataka uombe kuhamisha kituo angalau siku 90 kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, hesabu mwenyewe, mwanzoni mwa Mei uwe umeshamaliza. Usajili wa ubalozini ukitangazwa nenda siku za mwanzo, uwaambie nilishajiandikisha Bungoma, nahamia hapa. Usiseme unajiandikisha upya.

Uliuliza na nini tena? Ah, gavana. Ukishahamia huku sahau gavana na mbunge, sisi wa nje ni kura ya rais peke yake. Hilo ulilouliza la ruhusa kazini siku ya kura waulize wenye mabosi, mi bosi wangu ni meza ya viatu na siku ile ilinifukuza.