Kura Nyingi, Viti Vichache: Maswali Yenu Kuhusu Mipaka ya Uchaguzi Marekani

Inawezekanaje chama kipate kura nyingi kisha kishindwe kwa viti?

Kwa sababu mbunge anachaguliwa na eneobunge lake, si kwa jumla ya kura za jimbo zima. Chukua wapiga kura 50 na maeneobunge 5 ya watu kumikumi. Chama cha kwanza kina wafuasi 30, cha pili 20. Mchoraji wa mipaka anayekipendelea cha pili anawarundika wafuasi 9 wa cha kwanza katika eneo moja na 9 katika jingine. Huko wanashinda kwa kishindo, lakini kura zao za ziada hazifanyi kazi yoyote. Waliobaki 12 anawatawanya wannewanne katika maeneo matatu, na kila mahali wanazidiwa na wafuasi 6 wa cha pili. Kura 20 zimezaa viti 3, kura 30 zimezaa viti 2. Hakuna sanduku lililoibwa, na ndiyo maana uovu huu ni mgumu kuukamata.

Wisconsin mwaka 2018 chama cha Democratic kilipata takriban asilimia 53 ya kura za bunge la chini la jimbo, kikaambulia viti 36 kati ya 99. Ni kweli maeneo kadhaa hayakuwa na ushindani, kwa hiyo asilimia hiyo si kipimo kamili. Lakini siku hiyohiyo mgombea wao wa ugavana, Tony Evers, alishinda jimbo zima.

Nani anachora mipaka hiyo?

Katika majimbo mengi ni wabunge wa jimbo wenyewe, kila baada ya sensa ya miaka 10. Yaani mgombea anajichagulia wapiga kura. Republican, wapinzani wakuu wa Democratic, walilijua hilo: waliwekeza nguvu katika mabunge ya majimbo mwaka 2010, wakashinda, wakachora. Mwaka 2012 Democratic walipata kura zaidi ya milioni moja kuwazidi nchini kote, lakini Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la chini la taifa, likabaki kwa Republican, viti 234 kwa 201. Ramani si sababu pekee. Wafuasi wa Democratic hurundikana wenyewe katika miji kama Milwaukee na Philadelphia.

Je, ni mchezo wa Republican tu?

Hapana. Maryland, ramani ya Democratic ya 2011 iliwaachia wapinzani kiti 1 kati ya 8. Nimewasikia watu wakikemea ramani ya Wisconsin huku wakiitetea ya Maryland. Siwaelewi.

Seneti nayo?

Ile ya Washington haiguswi, kwa kuwa seneta huchaguliwa na jimbo zima. Seneti za majimbo zinaguswa.

Mahakama ziko wapi?

Mwaka 2019, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Rucho kwamba mahakama za shirikisho hazina mamlaka juu ya upendeleo wa kichama katika ramani. Kwangu huo ulikuwa uamuzi wa kusikitisha, maana unamrudisha mlalamikaji kwa bunge lilelile lililomuumiza. Zilizobaki ni mahakama za majimbo. Ile ya Pennsylvania ilifuta ramani mwaka 2018, na viti vya jimbo hilo katika Baraza vikatoka 13 vya Republican kwa 5 vya Democratic hadi 9 kwa 9 katika uchaguzi uliofuata.

Kuna dawa?

Ipo: kumnyang'anya mwanasiasa kalamu. Wapiga kura wa Michigan waliunda tume huru mwaka 2018. Lakini dawa hiyo inahitaji wote wainywe. Mwaka 2025 Texas ilichora upya katikati ya muongo, ikilenga kuwaongezea Republican viti 5. California, yenye tume yake huru, ikajibu kwa kuwaomba wananchi waiweke kando ramani ya tume hiyo kwa muda, nao Novemba wakakubali. Naelewa hasira yao. Ila Mrepublican wa California na Mdemocratic wa Texas sasa wamo katika hali moja: wanapiga kura katika maeneo yaliyochorwa ili washindwe.