Hoho za Nairobi zinataka joto kwanza

Huu ni mwaka wa tatu nakuza pilipili hoho juu ya paa la ploti tunayokaa huku Kasarani. Nazipanda kwenye ndoo za rangi za lita 20, kando ya kamba za kuanika nguo. Leo asubuhi nimehesabu ndoo 11 zenye matunda. Lakini miezi yangu sita ya kwanza sikupata hata mche mmoja, na nikisikiliza watu wanaoniuliza jinsi ya kuanza, nawasikia wakielekea kule kule nilikopotelea. Ndiyo maana naandika.

Mara ya kwanza nilichukua mbegu kutoka kwa hoho ya mama mboga niliyokuwa nakatakata jikoni, nikazipanda jioni hiyo hiyo. Hazikuota. Hoho ya kijani ni tunda bichi; huvunwa kabla halijakomaa, na mbegu zake nyingi bado ni changa mno. Ukitaka mbegu za kutoka jikoni, toa kwenye tunda lililoiva likawa jekundu mpaka shingoni. Hata hivyo, hoho nyingi za rangi zinazouzwa sokoni zimetokana na mbegu chotara, na kizazi cha chotara hakifanani na mama yake. Kwa anayeanza, naona heri paketi ndogo ya California Wonder kutoka agroveti. Si chotara, hivyo msimu ujao utatumia mbegu zako mwenyewe.

Mara ya pili nilikuwa na paketi nzuri, nikazimwaga mbegu kwenye kikaratasi mwezi wa Juni, nikapanda nje juu ya paa. Wiki tatu, kimya. Nikafukua moja kwa kidole nikaiona imelainika, imeanza kuoza. Nilipomwonyesha Shosho wa ghorofa ya chini, aliyelima maisha yake yote kabla ya kuletwa mjini na wanawe, aliishika kati ya vidole viwili na kuniambia, "Mjukuu wangu, baridi hii mbegu inalala. Na ikilala sana haiamki."

Hapo ndipo nilipoelewa. Watu wa nje wakisikia tuko karibu na ikweta wanadhani hapa ni joto mwaka mzima, na sisi wenyewe tukinunua mbegu tunasahau kwamba Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku hushuka mpaka nyuzi 12 au chini ya hapo. Mbegu ya hoho inataka udongo wenye joto la nyuzi 25 hivi na kuendelea. Sukuma wiki itakuvumilia, hoho haitakuvumilia.

Kwa hiyo mimi sasa naanza na kalenda. Nataka maua yangu yatoke wakati usiku umeshapata joto, kwa sababu usiku wa baridi huangusha maua. Nikirudi nyuma kwa vidole napata hivi: mbegu napanda mwisho wa Agosti, ndani ya nyumba, miche inahamia kwenye ndoo katikati ya Oktoba, vuli inapokaribia, maua yanatoka Novemba na Desemba, na Januari nachuma huku jua likiwaka. Desemba pia unaweza kupanda mbegu, ila matunda yako yatakutana na mvua za masika, na mvua nyingi huleta madoa na kuoza.

Kitalu changu ni vikopo vya mtindi vilivyotobolewa chini. Nachanganya udongo mwekundu, mboji iliyooza vizuri na mchanga kidogo, namwagia maji yanayochemka kuua vimelea, nauacha upoe kabisa. Mbegu inazama nusu sentimita, isizidi moja. Kisha vikopo vinakaa juu ya friji, upande wa nyuma ambako friji yangu hutoa joto. Kama huna friji, weka karibu na jiko, mahali ambapo mkono wako unahisi uvuguvugu tu. Hapo mbegu zangu huota siku ya tisa au ya kumi. Utaona kwanza kitu kama mpini wa bakora: shingo nyeupe iliyojikunja, kichwa bado kiko udongoni. Usiivute. Siku inayofuata hujinyoosha yenyewe, mara nyingine ikiwa bado imevaa ganda la mbegu kama kofia. Lowesha hilo ganda kwa tone la maji na uliache. Ukilibandua kwa kucha utang'oa na majani.

Saa ile ile unapoona shingo, hamishia kikopo dirishani penye mwanga. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka kama nyuzi, na haitapata nguvu tena. Mwagilia asubuhi, kidogo, uache uso wa udongo ukauke. Kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoangusha miche michanga, hupenda unyevu wa usiku: jioni unaacha mche umesimama, asubuhi unaukuta umelala, shingo imekuwa nyembamba mahali unapotokea udongoni. Ukiwa hivyo hauponi. Utoe haraka, wengine wasiambukizwe.

Baada ya wiki sita hadi nane mche una majani matano au sita halisi. Uzoeshe jua la nje polepole kwa wiki moja, kisha uupandikize jioni, mche mmoja kwa ndoo. Ukipanda ardhini acha sentimita 45 kati ya mche na mche, na usipande palipotoka nyanya, viazi au managu, kwa kuwa hizo zote ni ukoo mmoja na hoho na hushiriki magonjwa. Samadi iwe imeoza mpaka haina harufu. Mbichi huunguza mizizi, na samadi kupita kiasi inakupa kichaka cha majani kisicho na tunda.

Sasa nije kwenye jambo lililoniumiza zaidi. Mwaka wangu wa kwanza wa matunda, hoho karibu zote zilitokea doa la kahawia kwenye kitako, gumu kama ngozi ya kiatu, kisha zikaanza kuoza. Niliuziwa dawa ya ukungu dukani, nikanyunyiza mara mbili, na hoho zikaendelea kuharibika. Haukuwa ukungu. Mtaani kwetu maji huja kwa mgao. Mifereji ilikuwa imekauka siku tano, na yaliporudi nikamimina mtungi mzima kwa furaha. Hoho hupokea kalsiamu yake, yaani madini ya chokaa, kupitia maji, na maji yakija kwa kukatika, kalsiamu haifiki kwenye ncha ya tunda kwa wakati. Dawa yake ni kumwagilia kwa kipimo kile kile. Mimi huweka mtungi mmoja wa akiba ambao hauguswi kwa kazi nyingine, kila ndoo napa lita moja na nusu kila siku ya jua, na juu ya udongo natandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne. Maji ya kuoshea mboga pia hupanda ngazi kuja juu. Maganda ya mayai ambayo kila mtu hushauri sikatai, ila huchukua muda mrefu sana kuoza. Hayataokoa tunda lililoko mtini leo.

Vidukari hukaa chini ya majani. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, geuza jani utawapata. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni, suuza asubuhi.

Tunda likifika ukubwa wa ngumi ni kijani na unaweza kulichuma, lakini nakuomba uache angalau mawili yakae wiki tatu au nne zaidi. Litapita rangi ya chokoleti kabla ya kuwa jekundu, na utamu wake ni mwingine kabisa. Kata kwa makasi. Ukivuta, tawi zima linakatika. La kwanza huwa ni la Shosho. La pili, lililoiva kwenye mche wenye afya kuliko yote, natoa mbegu, ila kwa mche uliokuwa mbali na pilipili kali, maana nyuki wakichanganya chavua, mwaka ujao hoho yako itawasha. Nazianika kwenye gazeti kivulini wiki mbili, nazifunga kwenye bahasha, naandika mwezi na mwaka. Bahasha ya mwaka huu tayari iko kwenye droo ya jikoni, inasubiri Agosti.