Aqua inayokula mafuta kupita kiasi

Ndugu, nimekuelewa: Toyota Aqua yako ya mwaka 2013, gari la haibridi linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, uliyoinunua ikiwa imetumika, inakwenda kilomita 12 tu kwa lita moja katika foleni za Dar es Salaam, na fundi anakushauri ununue betri kubwa mpya, ile inayolisha mota ya umeme. Usikubali haraka. Anza kwa kuchungulia tundu la hewa lililo chini ya kiti cha nyuma, kwani feni inayopoza betri hiyo huvuta hewa hapo. Langu nililikuta limezibwa na vumbi lililogandamana kama kipande cha blanketi, na kwa kuwa betri haikupozwa vizuri, injini ilikuwa ikiwaka kila mara hata nikiwa nimesimama kwenye taa.

Pima pia upepo wa matairi yakiwa yamepoa, kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva, na hakikisha umewekewa oili nyepesi ya 0W-20, si ile nzito ambayo mafundi wengi wamezoea kumimina.

Betri yenyewe usiifungue, kwa sababu nyaya zake za rangi ya chungwa hubeba zaidi ya volti 100. Mtafute fundi wa haibridi mwenye kompyuta ya kupimia, naye akuonyeshe tofauti ya volti kati ya seli, yaani vipande vidogo vinavyounda betri, kabla hujatoa fedha.