Moyo umepasuliwa, figo zimehusikaje?

Dada, umeuliza kwa nini baba kapasuliwa moyo halafu madaktari wanahangaika na figo. Figo hupokea karibu sehemu 1 kati ya 5 ya damu yote inayosukumwa na moyo. Presha ikishuka wakati wa upasuaji, zinaumia mapema.

Kinachoniogopesha kuliko vyote ni figo zilizokuwa zimechoka tangu kabla, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hana habari. Kwa hiyo uliza kreatinini yake (taka ya kwenye damu inayopimwa kujua figo zinachuja vizuri kiasi gani) ilikuwa ngapi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Bila namba hiyo, ya leo haikuambii mengi. Umri mkubwa, kisukari, presha ya kupanda, moyo dhaifu na upungufu wa damu navyo huongeza hatari. Upasuaji wa dharura, au wa valvu (milango ya moyo) na mishipa ya moyo kwa pamoja, ni mzito zaidi, hasa mgonjwa akikaa muda mrefu kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji.

Halafu kuna dawa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni (watu huzimeza kama peremende!) hubana damu inayoingia kwenye figo. Dawa ya rangi ya kupigia picha mishipa, ikitolewa siku chache tu kabla, nayo huweza kuchangia.

Pale kitandani, angalia mfuko wa mkojo. Mtu wa kilo 70 akitoa chini ya mililita 35 kwa saa, kwa saa 6 mfululizo, mwambie nesi hapo hapo.