Enterprise ya laki tatu na nusu, nichukue?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Majengo hapa Moshi, Star Trek, ile tamthilia ya anga za juu, naifuatilia tangu nasoma sekondari. Kuna jamaa Arusha anauza modeli ya Enterprise, chombo cha anga cha humo, ile ya kwanza kabisa ya Kapteni Kirk, anasema ni spesho edishen, saizi kubwa (XL) ya kampuni ya modeli ya Eaglemoss, boksi lishafunguliwa ila stendi ipo. Anataka laki tatu na nusu. Washkaji wananiambia naenda kununua mdoli. Nichukue? Na nikifika kwake nikague nini?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Washkaji waache waongee. Chombo hicho alikichora Matt Jefferies kwa ajili ya tamthilia iliyoanza kuonyeshwa 1966, na ile modeli yenyewe waliyokuwa wanaipiga picha studio, ya mbao na plastiki, urefu kama mita 3.4, wakaipeleka Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, 1974, na leo iko Washington kwenye makumbusho yao ya anga, jengo moja na ndege za kweli. Mdoli gani huo?

Uspesho wa hiyo XL ni saizi. Zile za kawaida Eaglemoss walizoanza kuzitoa 2013 ni ndogo, unaishika kiganjani, hii inapita sentimita 20, na hapo ndipo hela yako inapoenda maana kwenye ndogo madirisha yanakuwa vidoti tu na mengine yamechapwa pembeni ya mahali pake, ila kwenye kubwa unayaona moja moja na maandishi NCC-1701, namba ya chombo, yanasomeka bila kukodoa macho.

Ukifika usikague ndani ya duka lenye taa hafifu, mwombe mtoke nje kwenye mwanga. Anza kwa nyuma. Ishike usawa wa macho, angalia zile injini mbili ndefu kama zimelingana, maana zimebebwa na miguu myembamba ya plastiki na ndiyo ugonjwa mkubwa wa Enterprise ya aina yoyote, moja ikilala kidogo basi jicho lako halitaona kitu kingine kila ukipita kabatini. Pitisha ukucha polepole pale mguu unapoingia kwenye mwili. Ukikuta kitu kigumu king'aavu kama tone lililokauka hiyo ni supagluu, ilishavunjika ikaungwa, na hapo mdogo wangu rudi zako Moshi, kwa sababu Eaglemoss walifunga 2022 na spea hutapata kwao.

Halafu njoo kwenye ile sahani kubwa ya mbele, mimi hapa ndo napapenda zaidi. Ile ya studio mistari ya juu ya sahani ilichorwa kwa penseli, imefifia kiasi kwamba kwenye TV ilikuwa haionekani kabisa. Walipoikarabati miaka ya mwanzo ya 90 juu ya sahani hawakupagusa, ila sehemu nyingine zikapakwa rangi upya na mistari iliyokolezwa, mashabiki walinuna kwelikweli, mpaka ukarabati wa 2016 ndo zikarudishwa zilivyokuwa. Kwa hiyo modeli nzuri ya chombo hiki sahani yake inatakiwa iwe tulivu, kijivu chepesi, mistari ya kuitafuta. Ukiikuta imechimbwa mistari mizito kama sakafu ya tailizi, aliyeitengeneza hakuiangalia ile ya makumbusho. Nyuma ya kila injini kuwe na kitu cha mviringo kama mpira, yale matundu madogo madogo ni ya chombo cha kipindi cha majaribio, kabla tamthilia yenyewe haijaanza.

Geuza na upande wa kushoto pia, uone kama umemaliziwa. Kwenye ile ya studio upande huo hawakuumalizia, nyaya za taa zilikuwa zinaingilia huko, ndo maana kwenye TV unaiona upande wa kulia karibu muda wote. Mwisho pale stendi inapobana, haina skrubu, inabana tu, na mtu aliyekuwa anaitoa na kuirudisha kila siku anakuwa ameshakwangua rangi.

Bei: boksi wazi, ashuke. Mimi ningeanzia laki mbili na nusu, na kama injini zimenyooka na rangi nzima ningefika laki tatu kwa roho safi kabisa. Safari ya kurudi itoe kwenye stendi, ifunge na kitambaa laini, ipakate mwenyewe, usimpe konda aitupe nyuma, matuta ya kuanzia Usa River mpaka Boma unayajua.

SWALI: Kaka, mimi modeli yangu ni ya plastiki tupu haijapakwa rangi, nimeiweka dirishani Njiro, imeanza kuwa njano. Nifanyeje?
Dada wa Njiro, Arusha

JIBU: Ni jua dada yangu, plastiki ya ABS ikipigwa na miale ya jua muda mrefu inageuka njano. Itoe dirishani leo hii. Kuna watu wanairudisha weupe kwa haidrojeni peroksaidi na mwanga, kwa plastiki tupu inasaidia ila njano inaweza kurudi, na yenye rangi au stika usijaribu kabisa. Nenda kwa fundi alumini akutengenezee kakabati ka vioo, kakae ukuta usiopigwa na jua, na vumbi la kiangazi litoe kwa brashi laini ya vipodozi, kavu, bila maji. Kama ina taa na huiwashi, toa betri, zikivuja zinakula ile shaba ya ndani.